Unyayo wa Kanga Shingoni mwa Mtungi

Kurwa hakumsamehe Sijaona mpaka siku anazikwa mwenyewe, na mimi simlaumu hata kidogo. Kuna watu wepesi wa kusema sahau, mbona yamepita. Hao hawajawahi kuuzwa na mtu aliyewafunda.

Maana Sijaona hakuwa jirani tu. Alikuwa somo yake Kurwa. Ndiye aliyempeleka unyagoni, akakaa naye ndani, akamtoa nje na shanga mpya kiunoni, na mbele ya wanawake wote wa Lisekese akamwambia kuanzia leo likikufika jambo zito usianze kwa mama yako, anza kwangu. Kurwa akalishika neno hilo kama lilivyo. Jambo zito likamfika, akaanza kwa somo yake.

Jambo lenyewe lilikuwa mama. Baba yake Kurwa alikwenda Lindi na msafara wa wachukuzi wa utomvu wa mpira, mzigo kichwani, na kilichorudi ni shuka yake imekunjwa vizuri, imeletwa na wenzake. Tangu siku hiyo mama yake, Mwanasha, akakaa. Sisemi alilia, wanaolia wanamaliza. Huyu alikaa. Analima kidogo, anapika kidogo, ukimwuliza hali anasema salama, halafu anaendelea kuuangalia mlango. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na alikuwa ameshajitia uzeeni mwenyewe. Doto, pacha wake Kurwa, alikufa mchanga, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa watu wawili, na mmoja wao ni kama hayupo. Mchumba wa Kurwa alikuwepo, lakini hatumhitaji hapa.

Sasa, Lisekese ya wakati huo ilikuwa na wafinyanzi, na wafinyanzi walikuwa watu wa kusogezewa kigoda. Huko juu, Newala na Makote na uwanda wote wa Wamakonde, ardhi ni nzuri lakini maji hakuna. Mwanamke anashuka bondeni alfajiri, anapanda na mtungi kichwani jua likiwa utosini, na mtungi ukimpasukia katikati ya mlima amepoteza siku yake na maji ya watoto wake. Kwa hiyo hanunui mtungi kwa macho. Anaugonga kwa kidole, anausikiliza. Ukilia vizuri anakupa kikapu kizima cha mbaazi bila ubishi. Usipolia anakwambia huu wa kunyweshea kuku, anapita zake.

"Shikamoo Somo," Kurwa akamwendea Sijaona asubuhi moja ya kiangazi. "Nipokelee mama yangu, umfundishe kufinyanga."

Sijaona alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mpenda ugoro, dada wa jumbe Halfani lakini hana majivuno ya kijumbe. Akacheka. "Marahaba. Mama Kurwa afinyange? Yule mkono wake umezoea jembe. Wenzake huanza hawajaota meno ya pili."

"Atajifunza."

"Na akichoka?"

"Hatachoka. Nitakuwepo mimi."

Kumleta mama mwenyewe ndiyo ilikuwa kazi. "Mimi mtu mzima nikachezee udongo na vitoto?" Mwanasha akasema. "Watu watanicheka." Kurwa hakubishana naye. Alimshika mkono kana kwamba yeye ndiye mzazi, akampeleka mpaka shimo la udongo bondeni, akamkalisha. Na watu wakamcheka kweli. Wafinyanzi wa Lisekese hawazungushi chungu. Chungu kimekaa, mtu ndiye anayekizunguka, ameinama, anatembea kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Mwanasha alizunguka mara nne, akashikwa na kizunguzungu, akakalia chungu chake. Wasichana walijibwaga chini kwa kicheko. Kurwa akamwinua mama yake, akampangusa, akamwambia, "Lakini tako lake ulilikalisha vizuri." Wasichana wakacheka upya, maana chungu hakikuwa na tako tena.

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya Kurwa mwaka mzima ule. Mama akifinyanga shingo ikapinda, Kurwa anausifu mdomo. Kimoja kikipasuka motoni, anasema ni kimoja tu. Vikipasuka vyote, anaulaumu upepo. Sijaona naye, tusimnyime haki yake, alifundisha kwa moyo. Alimwonyesha Mwanasha kutwanga vigae vya zamani na kuvichanganya na udongo mbichi, kukwangua kwa kipande cha kibuyu, kulainisha kwa kokoto la mtoni. Alimshika mikono yake kwa mikono yake. Kurwa akiwaona wale wanawake wawili wameinamia chungu kimoja, moyo wake ulikuwa unajaa.

Kiangazi kilipokaribia kwisha Mwanasha akawa na mitungi minne iliyosalimika motoni. Kurwa akaipanga kwenye tenga, akaungana na wanawake wenzake, siku mbili njiani mpaka Makote. Wanawake wa Makote wakagonga. Wakagonga tena. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndonya, lile pambo la mti, katika mdomo wa juu, akamtazama Kurwa kwa huruma.

"Nani kafinyanga hii?"

"Mama yangu."

"Mwambie apumzike," yule mwanamke akasema.

Hakuuza hata mmoja. Aliwangoja wenzake watangulie, akaingia porini pale mteremko unapoanzia, akaivunja mitungi yote minne kwa jiwe, mmoja baada ya mwingine, huku analia. Halafu akarudi kwa yule mwenye ndonya, akavua shanga za kiunoni, zile alizotoka nazo unyagoni, akapewa kikapu cha mbaazi. Nyumbani akakitua miguuni pa mama yake.

"Imekwisha yote, mama. Waligombania."

Mwanasha akachota mbaazi kwa kiganja, akazimimina tena kikapuni. "Waligombania?"

"Kidogo wapigane."

Mama akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu ile shuka iletwe, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kaniki. Alizipika zile mbaazi siku ile ile, akala, akasema mbaazi za Makote zina utamu wake. Alfajiri ya pili yake Kurwa aliamka akakuta mkeka wa mama mtupu. Alikuwa ameshatangulia shimoni.

Nani atakayemwambia Kurwa alikosea? Mimi siwezi.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa vita. Kabla haijafika Masasi, wakati mtama unavunwa, Sijaona alifinyanga vyungu vidogo vya ukubwa wa ngumi, kama thelathini, kila kimoja akakichora shingoni alama yake ya ufinyanzi. Mwanasha alimsaidia kuokota kuni za kuchomea. "Vya dawa ya tumbo la watoto," Sijaona alisema. "Kuna mganga kaagiza." Hakuna aliyemwuliza mganga gani. Haukupita muda watu wa maji wakafika, wananyunyizia watu dawa ya kugeuza risasi za Mdachi kuwa maji, na akiba ya dawa yenyewe wanaigawa katika vichungu vya ukubwa wa ngumi. Yaliyofuata mnayajua. Risasi hazikugeuka. Watu wakakimbilia mapangoni milimani, askari wakachoma ghala za mtama, na waliobaki wakaishi kwa mizizi ya ming'oko ya porini. Wanaume waliokutwa na vichungu vile viunoni walinyongwa. Sijaona hakuvitaja tena, na wengine wakaona ni afadhali visitajwe.

Hapa inabidi nieleze habari ya alama. Kila mfinyanzi wa Lisekese alikuwa na alama yake, anaichora shingoni kabla udongo haujakauka. Ya Sijaona ilikuwa unyayo wa kanga, yule ndege, vijistari vitatu vinavyokutana kisiginoni. Mwanafunzi hana alama. Mitungi yake inatoka shingo tupu, na huko juu shingo tupu ni robo kikapu, hata ilie namna gani. Mwanafunzi akiiva, mwalimu anampa alama mpya mbele ya wanawake wote shimoni. Alama ya mwalimu mwenyewe haitolewi mpaka aache kazi, na hapo humpa binti yake.

Na alama ikitolewa, inatolewa na mzigo wake. Kila mtungi wenye alama ile, hata uliofinyangwa miaka kumi nyuma, ukivuja watu wanamjia mwenye alama wa sasa, naye lazima afinyange mwingine. Hana ruhusa ya kusema huu si wangu. Ndivyo walivyokubaliana bibi zao, na hakuna aliyeuona ubaya wake mpaka mwaka ule.

Njaa ilipolegea, wa kwanza kurudi shimoni alikuwa Mwanasha. Na alikuwa ameiva jamani. Njaa yote ile alikuwa anafinyanga kichwani, sijui, maana mikono ilirudi inajua. Alikuwa anazunguka mtungi kwa hatua fupi fupi, hatetereki, na ukuta unapanda mwembamba, sawa pande zote. Kurwa aligonga mtungi wa mama yake ukalia, akaugonga tena kwa sababu hakuamini. Sasa sifa zake zikawa za kweli. Tatizo ni kwamba zilitoka kwa sauti ile ile ya zamani, na Mwanasha alikuwa ameshazizoea.

Ndipo Kurwa, mtama ukianza kuiva, alipomwendea somo yake kwa mara ya pili. "Mpe mama alama, Somo. Yoyote, hata kijistari kimoja. Nataka ajue ameiva, neno langu peke yake halimtoshi tena."

Juzi yake Sijaona alikuwa ametoka Masasi kumtembelea kaka yake Halfani, na tangu arudi hakuwa na mzaha. Alitia ugoro, akaitazama mikono yake.

"Nitampa ya kwangu," akasema.

"Yako, Somo? Unyayo wa kanga?"

"Magoti yameniisha, na binti sina. Wewe ndiye mwanangu. Mama yako akiichukua, imebaki nyumbani."

Kurwa alipiga magoti, akamshika miguu, akalia kwa furaha. Likumbukeni hilo. Alimshika miguu.

Walikwenda shimoni, wanawake wakakusanyika, Sijaona akasema mbele yao kwamba kuanzia leo unyayo wa kanga ni wa Mama Kurwa, na mzigo wake wote. Mwanasha akachukua ubua wa mtama, akachora vile vijistari vitatu shingoni mwa mtungi mbichi, na cha tatu kikatoka kirefu kuliko wenzake. Vigelegele vya Kurwa vilisikika mpaka ng'ambo. Mwanasha alikaa na ule mtungi mapajani mpaka ukamchafua nguo, na alikuwa anatabasamu peke yake.

Kurwa akaipeleka mitungi sita Makote. Yule mwanamke wa ndonya akagonga, akasikiliza, akageuza shingo akaiona alama.

"Nani?"

"Mama yangu."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Yule mwanamke akajaza kikapu mpaka kikamwagika, akaita na jirani zake, nao wakaanza kuvutana kweli. Kurwa aliteremka mlima karibu anakimbia. "Mama, waligombania," akasema kabla hajatua mzigo.

"Kama siku ile?"

"Kama siku ile," Kurwa akasema, maana angesema nini tena.

Siku kumi hazikupita. Mwanasha alikuwa anapanga kuni za kuchomea Halfani alipotokea na askari wawili, wakamfunga mikono kwa kamba wakamwambia anatakiwa barazani kwa akida, Masasi. Kurwa alifanya nini? Alifanya alivyofundwa. Jambo zito limemfika, akamkimbilia somo yake. Alimkuta Sijaona mlangoni kwake, ameshavaa nguo ya kutokea.

"Somo, wamemchukua mama."

"Tangulia, mwanangu," Sijaona akasema, anaangalia chini. "Nakuja barazani kusema."

Kurwa akashusha pumzi. Njia nzima alikuwa anamwambia mama yake asiogope, Somo anakuja kusema.

Akida alikuwa mtu wa pwani, kanzu imechakaa, amechoka, lakini si mjinga. Mezani pake kilikaa kichungu cha ukubwa wa ngumi, na shingoni mwake kuna unyayo wa kanga. Wafinyanzi wote wa Lisekese walikuwa wameitwa, wamekaa chini juani, Sijaona kati yao. Akida akakiinua.

"Hiki nimekitoa kiunoni kwa mtu aliyenyongwa. Nimewaonyesha majumbe wote tangu mtama ulipoanza kuiva, na leo jumbe Halfani ndiye amenisaidia. Aliyekifinyanga aliwafinyangia watu wa maji, naye atawafuata. Alama hii ni ya nani?"

Aliwauliza mmoja mmoja. "Ya Mama Kurwa," akasema wa kwanza. "Ya Mama Kurwa," akasema wa pili. Wote, mpaka wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Mwanasha mwenyewe alipoulizwa alisema, "Ni yangu, bwana," kwa sababu ilikuwa yake, na kwa sababu mwenye alama haruhusiwi kukana.

Kurwa akasimama. "Bwana akida, mama amepewa alama mwaka huu. Kichungu hicho ni cha kabla ya vita. Mwalimu wake huyu hapa, mwulize."

Akida akamgeukia Sijaona. "Ulimpa lini?"

Kurwa alikuwa anamtazama somo yake kwa tumaini lote alilokuwa nalo, na Sijaona hakumtazama.

"Nilimpa zamani, bwana," Sijaona akasema. "Kabla ya vita. Mwaka huu tulitangaza tu."

Wanawake wakainamisha vichwa. Wangesema nini? Kama si ya Mwanasha, basi akida atageukia mikono ya kila mmoja wao.

Kurwa alisimama pale pale, na ndani ya kichwa chake mambo yakajipanga yenyewe bila kuitwa. Mtama ulipoanza kuiva Halfani alionyeshwa kichungu. Mtama ulipoanza kuiva Sijaona alitoka kwa Halfani hana mzaha. Na siku ya tatu yeye Kurwa, kwa miguu yake, alikwenda kumwomba alama. Hakulazimishwa na mtu. Aliiomba, akaipokea kwa niaba ya mama yake, akashika miguu kwa shukrani. Alitamani kumrukia yule mwanamke amng'oe macho, na wakati huo huo alitamani amkimbilie amwambie Somo, nimefikwa na jambo zito, kwa sababu hakuwahi kuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, alisema hivyo mwenyewe uzeeni.

Lakini kamba ilikuwa mikononi mwa mama, na kesho ingekuwa shingoni. Kurwa akauliza, "Bwana akida, aliyefinyanga hicho ni fundi?"

Akida akakigeuza kichungu, akakigonga kwa ukucha. "Fundi kweli."

"Basi si mama yangu. Mama yangu hajui kufinyanga."

Mwanasha akageuka taratibu. Tangu afungwe, kamba haikuwa imemtisha kama neno hilo.

"Mpe udongo hapa hapa," Kurwa akasema. "Utaona mwenyewe."

Akida akakubali, nafikiri kwa kuchoka. Wakamfungua kamba, askari akaleta udongo wa kijitoni nyuma ya baraza. Kurwa alijaribu kumkonyeza mama yake. Mwanasha hakumwangalia. "Hajui," alisema polepole, peke yake, akaukanda udongo. "Hajui." Uso wake ulikuwa umeingia damu. Akalikalisha donge, akalitoboa kwa ngumi, akainama, akaanza kuzunguka.

Na alizunguka vizuri kuliko siku yoyote. Hatua fupi fupi, kinyumenyume, hatetereki. Ukuta ukapanda mwembamba, tumbo likajaa, shingo ikaanza kuingia. Wanawake waliacha kuangalia chini. Akida alisogea mbele kitini, akakiweka kile kichungu kando ya hiki kipya, akalinganisha. Sijaona alitikisa kichwa kidogo tu, kama anavyofanya mwalimu aliyeridhika, na Kurwa akamwona.

Mama yake alikuwa anajinyonga kwa mikono yake miwili, mbele ya watu, na mikono hiyo Kurwa ndiye aliyeikazania.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima. "Ile mitungi minne ya kwanza haikununuliwa na mtu."

Mwanasha akaendelea kuzunguka, ila hatua zikapungua.

"Niliivunja kwa jiwe porini. Wanawake wa Makote waliigonga wakaicheka."

"Ulisema waligombania," Mwanasha akasema, bado ameinama.

"Nilikudanganya."

"Na mbaazi?"

"Nilivua shanga zangu. Yule mwanamke alisema nikwambie upumzike, mama. Kila siku nakwambia kizuri. Shingo ikipinda nakwambia kizuri. Vikipasuka vyote nakwambia upepo. Nilikuwa nakuonea huruma, basi."

Miguu ikasimama. Kidole gumba cha Mwanasha kikapenya ukuta, kikatokea nje. Alijaribu kuliziba lile tundu, mkono wa pili ukaponda shingo, na kile chungu kikalala ubavu, kikajikunja, kikawa donge. Alibaki amekishika hivyo hivyo. Askari mmoja akacheka. Mwenzake akacheka. Halafu wanawake nao wakacheka, wengine kwa hofu iliyowatoka, na kicheko kikaenea baraza zima mpaka akida mwenyewe akafunika mdomo.

"Huyu mpelekeni nyumbani akapike," akasema. "Yuko wapi huyo mwalimu wake?"

Mahali pa Sijaona palikuwa patupu. Aliondoka wakati watu wanacheka. Walimtafuta mpaka mto Ruvuma, wakaambiwa amevuka kwa Wareno, na huko tunasikia alizeeka vizuri, anafundisha mabinti wa watu kufinyanga. Halfani alivuliwa ujumbe akachapwa viboko. Kwa upande wa Kurwa hayo hayakupunguza kitu.

Walirudi Lisekese mama na mwana, mama mbele. Wakafika kijito cha karibu na nyumbani. Hapo Mwanasha akachutama, akaosha mikono, akasugua udongo uliokauka katikati ya vidole kwa mchanga, kidole kimoja kimoja.

"Na ya mwaka huu?" akauliza, mgongo amempa. "Ile sita?"

"Hiyo waligombania kweli, mama. Walivutana. Yule yule mwanamke wa ndonya alijaza kikapu kikamwagika. Wewe ni fundi kuliko Sijaona. Nilisema yale ili wasikuue, mama, na yalikuwa ya zamani. Ya sasa ni kweli tupu."

Mwanasha akatikisa maji mikononi, akasimama.

"Ndivyo ulivyosema hata wakati ule," akasema.

Hakurudi shimoni tena. Hakumkasirikia Kurwa, na ingekuwa nafuu kama angemkasirikia. Alilima kidogo, akapika kidogo, ukimwuliza hali anasema salama. Ile mitungi mibichi aliyoiacha siku anakamatwa ilinyeshewa mvua ikarudi kuwa udongo. Kurwa alipanda Makote miaka mingi baadaye na mitungi ya watu wengine, na kila mara yupo mwanamke wa kumwuliza unyayo wa kanga uko wapi, yule mama yako hafinyangi tena? Kila mara alirudi akamweleza mama yake, amesimama mlangoni, mzigo hajautua.

"Mama, leo tena wamekuulizia. Wanataka mitungi yako, wallahi."

"Haya, mwanangu," Mwanasha anamjibu, kwa upole, kama mtu mzima anavyomjibu mtoto aliyemletea chungu cha kuchezea. "Haya, ingia ndani ule."